Nikimtafuta Baba Kando ya Reli

Niliporudi na maji, baba hakuwepo. Ilikuwa kama saa tatu asubuhi, mwezi wa tisa, mwaka mmojawapo wa mwisho wa miaka ya tisini, mvua ilipokuwa imetukosa misimu miwili mfululizo. Niliweka mtungi chini nikaenda chooni, kisha kwenye boma la mbuzi, kisha nyuma ya jiko. Nikamwita. Mama alikuwa ndani. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na mtu akipita mbele yake aliona kivuli tu.

“Si alikuwa hapo nje na wewe?” akaniuliza.

Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja. Mwaka uliotangulia nilikuwa Athi River, nikishona kola za mashati kiwandani. Kichwa cha baba kilipoanza kumwacha, ndugu zangu wawili walikaa kikao, wakakumbushana kwamba wao wana wake na watoto, nami sina mume. Nikarudi nyumbani. Hakuna aliyeniuliza kama nataka, na sikungoja kuulizwa.

Baba alikuwa mfanyakazi wa reli, mmoja wa wale waliotembea siku nzima na nyundo na spana ndefu wakikagua njia, wakikaza vyuma kwenye mataruma. Alikuwa amestaafu zamani. Sasa alisahau kwamba ameshakula, akasahau mke wake ni nani, lakini kazi hakuisahau. Kila asubuhi alivaa koti lake la kaki, akaniambia amechelewa, wenzake wameshatangulia. Kila asubuhi nilimshika mkono na kumrudisha kwenye kiti, na baada ya dakika tano alisimama tena.

Nilitoka barabarani kuita majirani. Hapakuwa na mtu. Siku hiyo watu walikuwa wamekwenda kwa chifu kupokea mahindi ya msaada, na waliobaki ni wagonjwa na watoto wachanga. Nikaitoa baiskeli ya baba, ile nyeusi nzito ya mwanamume. Niliijua tangu utotoni, wakati huo nikipitisha mguu chini ya chuma cha katikati kwa sababu sikuweza kukaa kitini. Nikavaa suruali ya kaka chini ya sketi, nikaikunja sketi kiunoni, nikaondoka.

Kutoka kwetu barabara ya changarawe huteremka vilimani mpaka kwenye nyanda. Huko chini hugawanyika. Mkono mmoja huenda hadi reli na kuifuata mpaka stesheni ndogo, na mwingine hufuata ua wa ranchi. Mbele kabisa, nyuma ya stesheni, njia hizo mbili hukutana tena. Ni mduara mmoja. Mtu mwenye baiskeli nzuri huumaliza kwa nusu siku.

Pale njia panda nilisimama nikatazama chini. Changarawe haishiki unyayo. Niliona alama za mbuzi, za punda, za gari moja. Za mtu sikuona. Nikajiambia, mtu wa reli ataenda relini. Nikashika mkono wa reli, na tangu hapo nilikuwa na hofu moja: kama alipita upande wa pili, basi kila nikikanyaga pedali namwacha nyuma.

Nyanda zile wakati wa kiangazi hazina pa kujificha. Nyasi zilikuwa zimekatika zikawa kama bua lililopondwa, na miti pekee ni vijiti vya miiba visivyozidi kimo changu, vyenye vifundo vyeusi ambavyo upepo ukivipitia vinapiga mluzi. Unaona mbali sana. Nilidhani hilo lingenisaidia. Kumbe unapoona mbali na mtu wako hayumo, ni vibaya zaidi. Mara tatu nilimwona. Mara ya kwanza alikuwa kichuguu. Mara ya pili alikuwa nyumbu amesimama peke yake. Mara ya tatu nilishuka baiskeli, nikakimbia miibani nikiita “Baba! Baba!” nikakuta gunia limenasa kwenye kijiti.

Relini hakuwepo. Stesheni ilikuwa imefungwa kufuli. Mwanamke aliyekuwa akianua nguo nyuma ya nyumba za wafanyakazi aliniambia hajaona mzee yeyote.

“Na ningemwona,” akasema. “Hapa hakuna mtu anapita.”

Ilikuwa saa saba mchana. Nilikunywa maji kwake, nikageuka kushika njia ya ranchi. Sikufika mbali. Tairi la nyuma lilitoboka. Nilipoliangalia niliona mwiba mweupe mrefu kama sindano ya kushonea magunia. Sikuwa na pampu wala kiraka. Nikaketi kwenye changarawe. Sikulia. Nilikaa tu nikiangalia gurudumu, na nadhani kama hakuna mtu angetokea ningekaa pale mpaka jioni.

Aliyetokea ni Msomali mmoja, mfanyabiashara wa mbuzi tuliyemfahamu kwa sura kutoka sokoni Machakos. Alikuwa anaswaga mbuzi kama arobaini, amejifunga kitambaa kichwani, fimbo mabegani.

“Mama, kuna shida gani?”

Nikamwambia namtafuta baba, mzee mwenye koti la kaki.

“Huyo nimemwona!” akasema. “Yuko huko kwa waya ya ranchi. Nimempa maji. Nimemwambia, mzee, twende pamoja, anasema hawezi, ati iko na kazi. Halafu akanifukuza na kijiti.”

“Ni mbali?”

“Si mbali kwa baiskeli. Lakini hana viatu, na hiyo miguu si mizuri.”

Alipiga magoti, akalitoa tairi kwenye chuma kwa vidole vyake na kijiko alichokuwa nacho mfukoni. Akaniambia nikate nyasi. Tukalijaza tairi nyasi kavu, akizishindilia kwa kidole gumba, akalirudisha. Tulipokuwa tukifanya hivyo aliniuliza, bila ubaya wowote, “Na nani amemwacha atoke?”

Nilimwambia alitoka nilipokwenda kuteka maji. Hiyo ilikuwa kweli, ila haikuwa yote. Usiku wa kuamkia siku hiyo baba alikuwa ameamka mara nne. Asubuhi alipoanza tena kwamba amechelewa, amechelewa, nilisimama mbele yake nikamfungia kifungo cha juu cha koti, nikamwambia, “Haya, enda basi. Enda kazini. Enda!” Nikachukua mtungi. Nilipokuwa natembea kwenda kisimani nilijua ninachofanya. Maji nililipia, nikajaza, kisha nikakaa kwenye ukingo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na palikuwa na utulivu.

Yule mtu alinipa chupa yake ya maji, akaendelea na mbuzi wake.

Baiskeli yenye nyasi ndani ya tairi inakwenda kama mtu anayechechemea. Nilikanyaga huku nikisema kwa sauti, Mungu, nisimkute amekufa, Mungu, nisimkute amekufa. Kisha, na hili sijawahi kumwambia mtu, sentensi ile ilikatika katikati ya pumzi, nikasikia nasema “nimkute amekufa” tu. Sikusali tena njia nzima.

Alikuwa hai. Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa anafuata ua wa ranchi, nguzo kwa nguzo. Kwenye kila nguzo alisimama, akaigonga mara mbili kwa kijiti, akatega sikio, akaenda nyingine. Miguu yake ilikuwa imevimba na kuchanika, vumbi limechanganyika na damu likawa tope. Suruali ilikuwa imeloa mkojo. Midomo ilikuwa imepasuka. Nikahesabu kichwani: kutoka njia panda mpaka pale alipokuwa hapakuwa hata mwendo wa saa moja kwa baiskeli. Ningeshika mkono ule mwingine ningemkuta kabla ya saa tano, bado amevaa viatu.

“Baba, twende nyumbani.”

Akaniangalia. “Mwaitu,” akasema. Kwa Kikamba ni mama yangu. Nimepewa jina la mama yake, na tangu nizaliwe aliniita hivyo kwa mapenzi, lakini siku ile sikujua kama anamwita binti yake au anamwita marehemu. “Mwaitu, mbona umekuja huku na jua lote hili? Umeniletea chakula?”

Nilimpa maji. Nikambembeleza. Nikamvuta mkono, akaunyakua. Alisema msimamizi atamwandika, akiondoka kabla ya saa watamfuta. Nilimwomba. Mwishowe nilipiga magoti mbele yake pale kwenye mawe, mtu mzima, nikamwambia, “Baba, tafadhali. Siwezi tena.”

Aliniruka kama jiwe, akaenda nguzo iliyofuata.

Sijui nilitoa wapi ile sauti. Nilisimama wima, nikasema kwa nguvu, kwa Kiswahili kikavu cha wakubwa wa reli, “Wewe! Kazi imekwisha leo! Weka vyombo!”

Akasimama mara moja. Akakiweka kijiti chini taratibu, sambamba na waya, kama mtu anayepanga spana yake. Akavua kofia ambayo hakuwa nayo kichwani.

“Ndiyo, bwana,” akasema.

Nilimpandisha kwenye keria, akanishika sketi kwa mikono yote miwili. Baiskeli haikuweza kutubeba wawili, kwa hiyo niliisukuma. Changarawe ilikuwa inateleza chini ya tairi, na kila penye kilima nilisimama kupumua, yeye akaniuliza kwa heshima kama nimechoka, akaniambia nikitaka atashuka. Jua lilikuwa linashuka vilimani tulipofika. Majirani walikuwa wamerudi. Walitukimbilia wakamshusha, wakanisifu, wakasema mimi ni mtoto wa kweli.

Vidonda vya mguu wa kulia vilioza. Hospitalini Machakos walimkata vidole vitatu, baadaye wakakata mguu chini ya goti. Ndugu zangu walikuja wakalia, wakalipa, wakarudi kwao.

Baba aliishi karibu miaka miwili baada ya hapo. Aliendelea kuniambia kila asubuhi kwamba amechelewa kazini, nami nilimfungia vifungo vya koti, nikamwambia ndiyo, umechelewa, nikaenda zangu kuteka maji bila haraka yoyote, kwa sababu hakuweza tena kusimama. Nililala usiku. Nilinenepa kidogo, watu wakaniambia napendeza.