Nimelala kwenye simfoni ya mume wangu

Jamani, leo nimelala kanisani!

Mume wangu, baba Neema, mwalimu wa matarumbeta hapa kwetu Kariakoo, ameandika simfoni yake ya kwanza, muziki mrefu wa sehemu nne, kwa miaka tisa. Anaandika, anafuta. Leo ndiyo imepigwa, hapo kanisani.

Mimi na kichanga changu kisicholala usiku, sehemu ya kwanza tu, usingizi ukanibeba.

Mama mkwe akanifinya: "We mama Neema, vigelegele! Imeisha!"

Nikapiga kuliko wote.

Njiani baba Neema akaniuliza, "Sehemu ya nne umeionaje?"

"Hiyo ndiyo imenitoa machozi."

Tulipofika Mnazi Mmoja akaniambia,

"Ya nne hatukupiga. Muda uliisha."

Nikamwomba radhi. Nyumbani nikakaa wima: "Haya, nipigie yote sasa hivi."

Akampokea mtoto. "Lala kwanza, mama Neema."

Usingizi wenyewe umekata. Wenzangu, nifanyeje?