Viungo Sitini na Kimoja vya Triza Nabiswa

Ooko ni mtu wa kwetu, na ndiyo maana sitamfichia. Angekuwa wa kabila lingine mngesema namsengenya kwa sababu hiyo. Mimi naitwa Lorraine Aluoch, Mama Otiende kwa wanaonizoea, nashona sare za shule hapa Tassia, chumba cha chini, na Triza Nabiswa amekaa kwenye kona ya duka langu na kompyuta yake kwa miaka mitano. Kwake orofa ya sita mtandao hukatikakatika. Hapa kwangu unashika.

Wateja humwona wakadhani ni msaidizi wangu. Kazi yake ilikuwa tovuti ya Ooko. Ooko ana magari ya msiba, yale ya kubeba jeneza na waombolezaji kutoka Nairobi hadi nyumbani magharibi, na ofisi yake iko karibu na Soko la Burma, ambako kila siku saa saba mchana ungempata na sahani ya nyama mbele yake. Siku hizi mtu akifiwa hachukui muda kuulizia mtaani. Anashika simu, anaandika "gari ya kupeleka mwili Busia", na anampigia anayetokea wa kwanza. Nani aliyefiwa ana nguvu ya kufungua ukurasa wa pili?

Triza alinieleza mambo ya viungo siku moja nikipiga pasi. Ukurasa wa mtu mwingine ukikutaja, na ukaweka mahali pa kubofya kuja kwako, hicho ni kiungo, na Google hukihesabu kama mtu aliyekudhamini.

"Kama barua ya mchungaji?" nikamuuliza.

"Hivyo hivyo, Mama Otiende. Lakini wako wachungaji wa kununuliwa, na Google siku hizi inawatambua."

Kwa hiyo yeye hakununua hata kimoja. Alikaa chini akaandika mwongozo wa siku tatu za kwanza za msiba: kibali cha mazishi kinachukuliwa wapi, mochari inataka karatasi gani, nani apigiwe simu kijijini kabla ya mwili kuondoka. Akauweka kwenye tovuti ya Ooko. Kisha akafunga viatu. Alienda kwenye vyama vya kufaana vya watu wa magharibi, Kariobangi, Umoja, Fedha, akaenda makanisani, akaenda kwa vyama vya waliosoma pamoja. Aliketi nao kwenye mikutano ya matanga, akasaidia kuandika tanzia, akakamata daftari la mahudhurio. Mwishowe angesema tu, "Mwongozo ule ukiwafaa, muuweke kwenye ukurasa wenu." Hakuharakisha. Mwezi mwingine alipata kiungo kimoja, mwezi mwingine hakupata. Miaka mitano, viungo sitini na kimoja, na Ooko akawa wa kwanza, akanenepa, akaongeza magari.

Kisha mama yake Triza akafariki, hapa hapa Nairobi, alipokuja kutibiwa. Norah Nekesa, mama mpole aliyeniletea simsim kila alipotoka Bungoma. Ooko alikuja na kofia mkononi akasema gari ni lake, Triza asiwaze. Triza akaamini. Alichapisha kijitabu cha mazishi mapema, kama tunavyofanya sisi sote, na kwenye ukurasa wa shukrani akamweka Ooko juu ya wote: asante kwa gari lililomleta mama nyumbani.

Gari lilikuwa litoke Alhamisi asubuhi, mazishi Ijumaa. Alhamisi nilikaa na Triza kwenye benchi la mochari. Mama alikuwa amekwisha kuvishwa gauni nililomshonea, jeneza liko kwenye korido, na sisi tunapiga simu.

"Liko njiani," Ooko akasema saa tatu.

"Liko njiani," akasema saa sita.

Saa kumi hakushika simu tena. Ijumaa asubuhi dereva mmoja aliona haya akatuambia: gari lilikuwa Kisumu, na familia ya mheshimiwa fulani, tangu Jumatano. Ooko alijua tangu mwanzo. Alijua akitudanganya, na sauti yake ilikuwa tamu kama ya mtu anayebariki chakula.

Kule kijijini kaburi lilikuwa limechimbwa usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, kwa imani kwamba mwili uko njiani. Kwa watu wa Triza kaburi halilali wazi. Ijumaa jioni kaka yake, Dishon, alipiga simu akilia, akasema wazee wamelaza mgomba ndani ili shimo lisikae tupu likaita mwingine. Tulifika Jumamosi, kwa gari tulilokodi kwa watu baki. Mgomba ukatolewa, mama akaingia. Na mchungaji, maskini, akasoma kijitabu kama kilivyochapishwa, hadi mwisho, kwa sauti kubwa: asante kwa Bwana Ooko kwa gari lililomleta mama nyumbani. Nilimwona Dishon akimwangalia dada yake. Sijasahau macho yale, na Triza hajayasahau.

Tuliporudi, Ooko alimwambia mbele yangu, "Triza, utaelewa. Yule ni mteja. Wewe ni mtu wetu."

Hiyo ndiyo sentensi iliyommaliza Ooko. Kama angesema samahani, huenda leo angekuwa bado anakula nyama yake kwa amani.

Triza aliacha kazi siku hiyo. Kwa wiki nzima alikaa kwenye kona akitazama kompyuta iliyozimwa. Mimi nilikuwa nataka damu. Nilimtafuta Opicho, jamaa mwenye ofisi ya kompyuta pale Pipeline, anayesifika kwa kazi chafu, nikamleta dukani.

"Niaje, Triza," Opicho akasema. "Hiyo kazi ni ya wiki moja tu. Namwagia Ooko link elfu kumi, za kamari, za picha za uchi, za madawa feki. Google ikiona, inamchoma."

"Haimchomi," Triza akasema. "Uchafu wa kutupiwa na wengine, Google mara nyingi haiuhesabu. Halafu atasema ameonewa."

"Sasa unataka aje?"

"Nataka ajue ni mimi."

Opicho akaenda zake. Mimi nilikasirika, nikadhani Triza ameogopa. Kumbe alikuwa na kisasi cha polepole, na kila alichokihitaji kilikuwa kwenye karatasi moja: orodha ya vile viungo sitini na kimoja. Yeye ndiye aliyevipata kwa miguu yake. Angeenda kuomba vifutwe, kimoja kimoja.

Alianzia Kariobangi, kwa Mukhwana, katibu wa chama cha kufaana cha watu wa Bungoma, mzee wa reli aliyestaafu na asiyependa maneno mengi. Nilimsindikiza. Triza hakumtukana Ooko. Hakusema tapeli, hakusema mwongo, maneno niliyokuwa nimeyapanga mdomoni. Alisema, "Mzee, Ooko alituambia gari liko njiani, na halikuwa njiani. Kaburi la mama lililala wazi."

Mukhwana aliweka kikombe chini. "Lililala wazi?"

"Usiku wa Ijumaa."

Mzee alivaa miwani, akafungua simu, akamwomba Triza amwonyeshe pa kubonyeza, na akakifuta kiungo mwenyewe.

Ikawa hivyo kila mahali. Kwa miezi mitatu Triza alizunguka na sentensi ile moja. Mtu wa mtaa mwingine angeshangaa: gari limechelewa, basi? Lakini hawa ni watu ambao kila mmoja ana kaburi nyumbani, na walielewa kabla hajamaliza. Makanisa yakafuta. Waliosoma pamoja wakafuta. Hakuwaomba wamtaje mtu mwingine mahali pa Ooko. Jioni alirudi, akachukua kalamu yangu nyekundu ya kutilia alama kitambaa, akakata mstari. Nilifurahi kila mstari. Sioni haya kusema.

Ooko akateremka. Wa kwanza, wa nne, wa tisa, kisha ukurasa wa pili. Simu zikapungua, na badala ya kujiuliza kwa nini watu wanamtoa, akafanya kosa la mtu aliyezoea kupita njia ya mkato. Alinunua viungo. Alivinunua kwa Opicho, maelfu, vilevile vya kamari na madawa ambavyo sisi tulivikataa kumtupia. Tena akalipia kila kimoja kimtaje kwa maneno yaleyale, kama watoto wa shule walioibiana jibu. Triza alipoona alicheka hadi akashika meza. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu mazishi.

Google ikampelekea Ooko ujumbe kwamba viungo vyake si vya kweli, na tovuti ikatolewa kabisa kwenye matokeo ya kutafuta. Ukiandika hata jina lake, hayupo.

Alikuja dukani siku ya Jumanne, mchana, amekonda shingo. Nilikuwa na mteja napima mabega, nikaendelea kupima.

"Mama Otiende, hamjambo."

"Hatujambo."

Akamgeukia Triza. "Madam, magari yamesimama. Wameniambia ni wewe tu unayeweza kusafisha. Taja chochote."

Triza hakutaja pesa. Aligeuza kompyuta akamwonyesha ukurasa aliokuwa amekwisha kuuandika. Juu ulisema: Tulichomfanyia Norah Nekesa. Chini yake yalikuwa mambo yote, siku kwa siku na saa kwa saa: liko njiani ya saa tatu, liko njiani ya saa sita, Kisumu, mgomba. Mwisho, jina la Ooko na neno samahani.

"Utaweka hii kwenye tovuti yako," akasema. "Nami nitakusafishia."

"Triza, hii itaniua."

"Bwana Ooko, umekwisha kufa. Umetafuta jina lako?"

Mimi nikasema aisome kwa sauti kwanza. Alisoma. Kwenye mgomba sauti ilimkatika, na mteja wangu, mama nisiyemjua kabisa, akasema, "Endelea." Akaendelea hadi mwisho, na jioni ile ukurasa ukawa kwenye tovuti yake.

Triza alitimiza ahadi, hata mimi nikamwona mjinga. Aliwaandikia wenye kurasa zile chafu waondoe viungo, wachache wakaondoa, viungo vilivyobaki akaviweka kwenye orodha na kuiambia Google isivihesabu, kisha akaomba tovuti itazamwe upya na kueleza kila kitu bila kuficha. Kazi ya miezi miwili. Ooko akarudishwa, chini kabisa, bila mdhamini hata mmoja.

Halafu Mukhwana akaisoma ile samahani. Akaiweka, pamoja na kiungo chake, kwenye ukurasa wa chama: someni, msiruhusu mfanyiwe hivi. Chama cha Busia kikaiweka. Makanisa yakaiweka, hata vyama vya Siaya, watu wa kwetu kabisa, vikaiweka, na hakuna aliyeombwa. Triza akahesabu viungo hadi themanini akaacha.

Wiki iliyopita Ooko alipiga simu. Triza akaiweka kwenye spika.

"Madam, nimerudi wa kwanza."

"Hongera."

"Lakini kinachotokea juu ni ile samahani. Mtu akitafuta gari la msiba, kitu cha kwanza anachoona ni Norah Nekesa. Naomba niitoe."

"Itoe," Triza akasema. "Tovuti ni yako. Lakini viungo vyote vinaelekea ukurasa huo. Ukiutoa, huna hata kimoja."

Tulisikia magari ya Burma na mtu akikata nyama.

"Kwa hiyo nikae nayo?"

"Kaa nayo."

Alikata simu. Triza aliinamia meza yangu ya kukatia akalia, kwa nguvu, kilio alichokuwa hajalia mochari wala kaburini, nami nikaacha mashine nikamshika. Ukurasa bado uko. Nimeutafuta leo asubuhi, na jina la mama yake ndilo la kwanza.