Mkalimani wa Marehemu

Juzi msibani vijana walifungua simu wakatusikilizisha sauti ya marehemu akiwatania wajukuu zake. Watu wakalia, wakacheka, wakaomba irudiwe. Mimi nilitoka nje nikaenda kukaa na wanawake waliokuwa wanamenya ndizi. Binti yangu akanifuata akidhani presha imepanda. Presha ilikuwa salama. Ila sauti ya mtu aliyekwisha kuzikwa nilishaisikia nikiwa mtoto, kabla ya simu hizi, na sina hamu ya kuisikia nyingine.

Ngoja nikueleze. Enzi za Mwingereza, pale Moshi mjini karibu na stesheni ya treni, palikuwa na ofisi ya chumba kimoja iliyoandika wosia. Walikuwa watu watatu tu. Wakili alikuwa Mhindi mwembamba aliyefuta miwani yake kila alipokosa la kusema. Mkewe alipiga taipureta, na mtoto wa mteja akitulia alimpa kipande cha chapati chenye achari iliyochoma ulimi mpaka machozi. Wa tatu alikuwa mkalimani. Baba yake alikuwa seremala Mmanyema wa pale mjini, mama yake Mchagga, ndiyo maana Kichagga alikisema kama mtu aliyezaliwa migombani.

Bila yeye ofisi ile isingepata kazi. Wazee wa mlimani walikuwa wameanza kupata kahawa pamoja na ugomvi wake, wakataka maneno yao yaandikwe, lakini karatasi yenyewe hawakuiamini. Kwetu wosia ulisemwa na mwenye kufa, na wazee wakausikia kwa masikio yao. Basi mkalimani alipokaa na mgonjwa aliyashika maneno yake na namna alivyoyasema: anapovuta pumzi, anapokohoa, neno analopenda kulirudia. Siku ya kusomwa, wakili akimaliza karatasi yake, mkalimani alisimama akayasema yale yale kwa sauti ya marehemu mwenyewe. Hakuongeza neno wala hakupunguza. Kwa hilo alisifika kutoka Kirua mpaka Masama.

Mimi nililelewa na bibi na babu, Kirua Vunjo. Asubuhi tulikunywa mtori wa ndizi, na mchana kazi haikuisha: kukata majani ya ng'ombe, kufagia zizi, kuchambua kahawa mpaka vidole vinanuka uchachu. Babu alikuwa na desturi moja. Akirudi jioni, kabla hajavuka ua wa masale, alimwita bibi kwa jina la ukoo wa baba yake, mara mbili, kisha akauliza kwa Kichagga, "Moto upo?" Bibi alijibu, "Njoo uote." Moto ulikuwepo siku zote, haukuzimwa asilani. Lakini aliuliza, bibi akajibu, nami nikajua tunakaribia kula.

Babu akaugua, akamwita wakili na mkalimani wake, akafa msimu wa kuchuma kahawa. Yeye na mdogo wake, aliyekaa ng'ambo ya mfereji, walikuwa hawasemeshani kwa miaka, kisa mpaka. Sisi watoto tulimwita babu mdogo, na tukimwona njiani tulikimbia. Baada ya mazishi alianza kupita kihambani, kwenye shamba letu la nyumbani, akiipima migomba kwa macho, akitangaza kwamba mjane hana shamba. Bibi akawa hapati usingizi, akiwaza atanipeleka wapi.

Siku ya wosia ukoo mzima ulikaa uani. Wakili akasoma, wazee wakamsikiliza kama watu wanaotajiwa bei ya chumvi. Kisha mkalimani akainuka, akavua kofia, akakohoa. Kikohozi kilikuwa cha babu. Mbwa wetu alitoka chini ya ghala akaenda kusimama mbele yake, mkia unatikisika. Sauti ya babu ikasema, "Nyumba na kihamba vibaki mkononi mwa mke wangu mpaka afe, na mtu asimsumbue." Babu mdogo akainamisha kichwa. Karatasi ungeweza kubishana nayo. Na kaka yako je?

Nyumba ikabaki yetu. Ungedhani bibi atatulia. Badala yake, kila tulipoteremka Moshi kuuza ndizi, alinishika mkono tukaenda moja kwa moja pale ofisini.

"Shikamoo, mama," mkalimani alisema.

"Marahaba, mwanangu. Niite kama alivyoniita."

"Sikumsikia akikuita, mama. Aliyonipa mimi ni yale ya kihamba tu."

"Nitakufundisha."

"Hapo utakuwa umesema wewe. Na shemeji yako akijua kinywa hiki kinaongeza maneno, atasema hata yale ya nyumba niliyaongeza. Utalala wapi?"

"Nyumba ninayo," bibi alisema. "Mtu wa kuniita sina."

Wakili akafuta miwani.

Ikawa hivyo soko baada ya soko. Bibi alimfundisha hata hivyo, naye akitazama sakafu. Kule nyumbani bibi akaanza kuacha chakula, na asubuhi moja nikakuta moto umezimika, nikaenda kuomba kaa kwa jirani. Safari iliyofuata mke wa wakili alimtazama bibi alivyokonda, akaacha taipureta, akamwambia mumewe jambo kwa Kihindi, kwa ukali. Mkalimani alisikia, nadhani alielewa.

Siku chache baadaye, jioni, bibi alikuwa anamenya ndizi. Jina lake likaitwa kwenye masale, mara mbili. "Moto upo?"

"Njoo uote," bibi akajibu, bila hata kufikiri. Akaacha kisu, akakaza kanga, akakimbilia jikoni kupuliza moto. Uso wake ulikuwa na furaha. Mimi niliogopa, nikajikojolea pale pale.

Kwenye masale alisimama mkalimani, jasho linamtiririka. Na kupitia migombani, mbio, alikuja babu mdogo. Nikajua tumekwisha, nyumba imekwenda. Alisimama mbele ya mkalimani, anamtazama.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi, mzee."

"Na mimi je? Kwangu hakusema kitu?"

"Hakusema, mzee."

"Basi sema. Sema tu, lolote."

Mkalimani akavaa kofia yake. Akateremka. Babu mdogo alibaki pale mpaka giza likaingia, na kihamba chetu hakukidai tena.

Mkalimani hakuwasemea marehemu tena. Alimwambia wakili kwamba hajui sasa kipi alisikia kwa marehemu na kipi alifundishwa. Wazee hawakuwa na haja na karatasi peke yake, ofisi ikafungwa, wakili na mkewe wakahama. Pale walipokuwa, siku hizi panauzwa vipuri vya pikipiki. Bibi aliishi miaka mingi, na moto wake haukuzimika tena.

Wote wamekwenda. Picha ya babu hatukuwa nayo. Nikijaribu kumkumbuka akiita, naisikia sauti ile ya kwenye masale, inahema kidogo, kama ya mtu aliyepanda mlima kwa miguu kutoka mjini. Babu hakuwa anahema. Alikuwa anatoka hapo tu, kihambani. Sauti yake mwenyewe imenipotea, sijui lini, na hakuna aliye hai wa kunirekebisha.