Sakafu Aliyoiahidi Mjomba Ishak

Mjomba wangu Ishak alikuwa na uongo mdogo mdogo mwingi na ukweli mmoja mkubwa, na huo ukweli ndio uliotuchosha.

Alipoondoka Unguja mwaka 1964 aliangukia Bristol, Uingereza, akapata kazi ya kupaka grisi kwenye gereji ya mabasi. Huko akalipenda basi moja la ghorofa, Lodekka, kuliko alivyowahi kumpenda mtu yeyote wa kule. Baadaye alihamia Omani, na kila Ijumaa baada ya chakula, nyumbani kwetu Ibra, ilikuwa lazima tuzisikie upya habari za basi hilo. Madaraja ya reli ya Uingereza yalikuwa ya chini. Ili mabasi ya zamani yapite, njia ya kupita abiria wa ghorofa ya juu ilizamishwa ubavuni, na aliyekaa ghorofa ya chini, chini yake, akiinuka ghafla anagonga kichwa. Wahandisi wakakaa wakafikiri. Wakaitoa propela shafti, ile nondo ya kupeleka nguvu ya injini nyuma, katikati wakaipeleka pembeni, wakaishusha ekseli ya magurudumu ya nyuma, na sakafu nzima ikashuka. Basi likawa fupi wa kimo na vichwa vya watu vikasalimika. La mwisho lilitoka kiwandani 1968. Mjomba alisema siku hiyo alilia, lakini hapo simwamini.

"Bibi kizee anaingia bila ya kuinua goti," alikuwa akimalizia. "Wallahi, bila ya kuinua goti!"

Mama yangu, Kuruthum, dada yake mdogo, ndiye pekee aliyekuwa akimsikiliza mpaka mwisho, kwa sababu goti lake la kulia lilikuwa halikunjiki tena. Kwenye gari dogo hakuiweza safari ndefu. Alitaka pa kuunyoosha mguu. Mjomba alikuwa na Kosta, basi dogo la kuchukulia walimu, na ndani mlikuwa na nafasi tele, ila ngazi yake ya kwanza ilikuwa juu mno. Na Sur, mwendo wa saa mbili na ushei, alikuwako kitinda mimba wao, Rahila, mgonjwa wa kitandani. Alikuwa akipiga simu kila wiki: "Dada, njoo nikuone."

Hiyo ilikuwa 1997.

"Kaka, niwekee kreti la soda nikanyage," mama alimwambia.

"Kreti!" Mjomba alikasirika kwelikweli. "Mimi nikupandishe wewe kwa kreti, kama gunia la vitunguu? Subiri, Kuruthum. Nitaishusha sakafu, ma fi mushkila, hakuna taabu. Utaingia kwa heshima yako."

Basi akaanza kuchora, nyuma ya kalenda za zamani. Akaenda Bidbid, akaenda Maskati, akitafuta ekseli kwenye mabasi mabovu. Fundi mmoja alimwambia Kosta haikubali mambo hayo. Mjomba akarudi akisema fundi yule hajui kitu. Ramadhani ikapita, Idi zote mbili zikapita. Nasi tukamwachia, maana nani angembishia mtu wa Bristol? Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili na mikono yangu miwili mizima, na kreti lilikuwa stoo. Mpaka leo najionea haya.

Asubuhi moja simu ya Sur ililia, na sauti haikuwa ya Rahila. Ilikuwa ya mwanawe, Anas.

Mama hakulia pale. Alikwenda stoo akichechemea, akalitoa kreti, akaliburura mwenyewe uani mpaka kwenye mlango wa Kosta. Akaweka mguu mzima, akashika chuma, akawa ndani. Mjomba alikuwa amesimama na funguo mkononi, anatazama. Haikuchukua hata dakika.

Tulifika Sur wameshamzika.

Tangu siku hiyo Lodekka haikutajwa tena nyumbani kwetu, na mimi, niliyekuwa nikiikimbia hadithi ile na kujificha jikoni, nikaanza kuitamani. Mwaka uliofuata mjomba aliunga chini ya mlango wa Kosta ngazi ya chuma, fupi, nadhifu, akaipaka rangi ya kijani. Ijumaa akaingia kwetu amevaa kanzu mpya.

"Kuruthum, basi liko tayari."

Mama alikuwa akipakua wali.

"La kwenda wapi, kaka?" akamuuliza, na akamsogezea sahani yake.