Kipimo cha Baruti cha Orpha

Dada yangu Orpha aliendesha basi la shule hapa bondeni mpaka watoto aliowabeba wakamletea watoto wao, na hakuna aliyethubutu kumchezea. Lakini ukitaka kumjua hasa, uliza habari za gumegume lake, ile bunduki ndefu ya kushindilia baruti kwa mbele tuliyoachiwa na baba. Ndiyo anayowindia kulungu kila mwaka baada ya Krismasi, wakati Pennsylvania yetu yote imelala chini ya theluji na wenye bunduki za kisasa wamesharudi kwenye makochi yao.

Mwezi wa kumi aliteleza kwenye ngazi za ghala, bega la kulia likavunjika. Likapona nusu. Kipimo chake cha zamani cha baruti kilimsukuma nyuma hadi machozi yakamtoka, naye si mtu wa machozi. Mumewe, Dorsey, akaona mlango umefunguka. Shemeji yangu huyo ni mwoka mikate, mpole, asiyejua bunduki hata kidogo, na kwa miaka mingi amekuwa akimsihi mkewe aache kukaa peke yake msituni. Orpha akamjibu mbele yangu kwamba atajitafutia kipimo kidogo kinacholifaa bega lake, na kama msimu huu bunduki itamshinda, ataitundika na hataigusa tena. Orpha akisema neno, harudi nyuma.

Basi akaanza kutafuta. Wanaume wengi hapa huongeza baruti mpaka mlio uwafurahishe wenyewe. Yeye alipunguza kidogo kidogo, akipiga shabaha kwenye boksi, akipangusa mtutu kila baada ya risasi, kisha akitembea kwenye theluji kuokota vile vitambaa vinavyozungushiwa risasi ili ibane. Huvisoma vitambaa hivyo kama wengine wasomavyo gazeti: kilichoungua katikati kina habari yake, kilichochanika kina yake. Akaacha kitambaa chembamba, akakata kizito cha godoro kuukuu, akakipaka mafuta ya kulungu. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mimi nilimwambia kipimo kile ni cha kutishia panya.

"Kwani mguu nao umevunjika?" akanijibu. "Nitasogea karibu."

Siku ile risasi tatu zilipiga mahali ambapo ungeweza kupafunika kwa kiganja. Tangu hapo akajiwekea mwiko: hapigi mnyama aliye mbali kuliko upana wa ua wake.

Mwaka Mpya tulikula kwake nguruwe na kabeji chachu, kama desturi. Bunduki ilikuwa barazani na risasi yake ndani, baruti ya kuwashia, ile ya kwenye kisahani kidogo kando ya mtutu, imeshaondolewa. Hivyo ndivyo tunavyozilaza, kwenye baridi, kwa sababu ukiiingiza ndani kwenye joto chuma hutoka jasho na baruti ikalowa.

Asubuhi yake kulungu jike akamjia Orpha karibu kabisa, ubavu wazi. Jiwe la cheche likapiga, kisahani kikawaka, basi. Mtutu haukusema kitu. Orpha akazibua tundu la moto kwa sindano, akaweka baruti mpya kisahanini, akajaribu tena, na mambo yakawa yale yale. Kulungu alimtazama, akatikisa masikio, akaenda zake bila haraka.

Nilimkuta jikoni, bunduki imelazwa juu ya magazeti mezani.

"Nilishindilia kwa mikono hii hii, Lamar," akasema. "Lazima sikukausha mtutu vizuri. Imeshanishinda. Ipeleke kwako ukaitundike."

Aliinamisha kichwa. Sijawahi kumwona dada yangu hivyo, na iliniuma sana. Dorsey alisimama kwenye oveni, ametupa mgongo. Alichokiomba miaka yote kilikuwa kimemjia chenyewe, kazi yake ilikuwa kunyamaza tu.

"Usiitundike," akasema.

Orpha hakugeuka. "Si ndiyo ulikuwa unaomba, mzee?"

"Nilikuwa naomba. Lakini jana ulipolala nilichungulia nje, nikaona chuma kimeanza kuota barafu. Nikaihurumia. Nikaileta hapa jikoni, nikaipangusa, nikaitia mafuta mtutuni, nikairudisha."

"Mafuta gani?"

"Ya cherehani."

"Kiasi gani?"

"Ya kutosha."

Nilijiuma mdomo nisicheke. Orpha akafunga skrubu ya kunasia risasi kwenye ncha ya mdeki, ile fimbo ya kushindilia, akaivuta risasi. Alipoinamisha mtutu ukatoka uji mweusi unaonuka mafuta. Akausugua kati ya vidole kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo sikukosea."

"Hukukosea."

"Ungenyamaza, ningeacha."

"Najua." Dorsey alikuwa anafuta mikono iliyokwisha kukauka. "Na bado nataka uache, Orpha. Kila ukitoka nakuona umeanguka huko, hakuna wa kukuokota. Ila sitaki uache ukidhani umezeeka, kumbe ni mafuta yangu."

Nilingoja atukanwe. Nimewahi kupanda basi la dada yangu, maneno yake nayajua. Lakini alichemsha maji tu, akaosha mtutu, akapitisha kitambaa baada ya kitambaa mpaka kikatoka cheupe na kikavu. Halafu tukatoka wote barazani, akaacha bunduki ipoe kabisa, akafungua pembe ya baruti, akamwekea mumewe mkononi kile kikombe kidogo cha kipimo.

"Pima wewe."

"Nimimine mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye mstari. Ukizidisha, bega langu litakushtaki."

Akamimina kama anavyopima hamira, akaona zimezidi punje chache, akazirudisha kwenye pembe. Orpha akakipokea kipimo, akatia baruti mtutuni, akashindilia risasi juu yake.

"Kesho uniamshe mapema," akamwambia.

Na alimwamsha.