Mama Alivyousahau Ugomvi

Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kukiri kwamba ni msahaulifu. Kaka yangu anayeishi Mbeya akikaa muda mrefu bila kupiga simu, husema alibanwa na kazi. Mjomba husingizia mtandao. Lakini mpunga mpya ukishakobolewa hapa kijijini kwetu Ndandalo, Kyela, mtandao hutengemaa, kazi hupungua, na hamu ya kumsalimia mama huwapanda wote kwa pamoja. Tulikuwa tumezoea kusahau kwa namna hiyo, kusahau kwenye faida. Kwa hiyo mama alipoanza kusahau kweli, bila kupata chochote, hakuna aliyemwelewa.

Alianza taratibu. Alitia chumvi kwenye mboga iliyokwisha kutiwa chumvi. Akaenda kanisani siku ya Jumanne, akarudi analalamika kwamba imani ya watu imeshuka. Kisha akasahau kwamba baba alishafariki.

Siku moja asubuhi aliniuliza mbona baba yetu hajarudi nyumbani. Nilimpigia kaka kuomba ushauri, maana yeye ndiye mkubwa na ushauri ndio mchango anaoutoa bila kuombwa mara mbili.

"Usimdanganye mama," alisema. "Mwambie ukweli. Atazoea."

Nikamwambia ukweli. Mama akakaa sakafuni akalia kilio kilekile cha siku ya msiba, kwa sababu kwake msiba ulikuwa umetokea muda huohuo. Jioni akauliza tena. Nikamwambia tena. Ukweli ulimzika baba kila siku nyumbani kwetu, na hatukuwa hata na majirani wa kutusaidia kupika.

Jirani wa karibu tulikuwa naye, ila hatukumhesabu. Ng'ambo ya migomba yetu anakaa shangazi, dada yake baba. Yeye na mama walikuwa hawajasalimiana tangu mazishi, pale shangazi aliposimama mbele ya waombolezaji akasema kwamba mama ndiye aliyemuua kaka yake kwa kuchelewa kumpeleka hospitali. Siku ile baba alipozidiwa, maji yalikuwa yameifunika barabara na hakuna gari lililopita. Kila mtu alilijua hilo. Lakini mafuriko hayawezi kuona aibu, na msibani anatafutwa mtu wa kutiwa aibu.

Wazee waliwahi kuitisha kikao cha kuwapatanisha. Nguruwe akachinjwa, sala ikasaliwa, mama na shangazi wakapeana mikono kana kwamba kila mmoja ameshikishwa chura. Kesho yake wakapishana njiani kimya. Wazee hadi leo wanakisifia kile kikao. Nyama ilikuwa laini.

Asubuhi moja nilimkosa mama chumbani. Nikafuata nyayo zake kwenye tope katikati ya migomba, nikamkuta amesimama uwanjani kwa shangazi. Shangazi alikuwa ameinama akigeuza kakao aliyoianika kwenye mkeka.

"Ugonile, wifi," mama alimsalimu.

Shangazi aliinua kichwa. Alinitazama mimi, kama vile nimemtuma.

"Wifi, kaka yako alilala kwako?" mama akaendelea. "Nimemsubiri jana mpaka chakula kikapoa."

Nilifungua mdomo nimsahihishe. Kazi yangu ni ualimu, na mkono wa kusahihisha huwa hautulii. Shangazi akaniwahi.

"Amekwenda Ipinda," alisema polepole. "Amefuata mbegu za mpunga. Keti, wifi."

"Ameondoka bila kuniaga."

"Si unamjua mwenyewe."

"Namjua," mama akasema, akacheka. Sikumbuki ni lini kabla ya hapo nilikuwa nimemsikia akicheka. Shangazi akamletea ndizi za moto na maharage, mama akala zote, akashukuru, "Ndaga fijo," akarudi nyumbani ametulia.

Tangu siku hiyo akawa anakwenda kila asubuhi. Kaka alipopata habari alikasirika.

"Yaani yule mwanamke aliyetuvunjia heshima ndiye sasa anamlisha mama, tena kwa uongo? Lazima mama akumbushwe."

Tulikuwa na mgonjwa aliyepona chuki, na ndugu zake wakawa mbioni kutafuta dawa ya kumrudishia. Kaka, ambaye nauli ya kuja kumwona mama ilikuwa haipatikani, akashuka Kyela Jumamosi ya wiki ileile, akachukua bajaji mpaka mlangoni.

Alimketisha mama sebuleni. "Mama, shangazi ndiye aliyesema ulimuua baba."

"Baba yupi?"

"Baba yetu. Mume wako."

"Kwani amekufa?"

Mama alipoanza kulia, yule bingwa wa ukweli alikumbuka kwamba anatakiwa kukagua mikakao, akatoka nje.

Kilio kilivuka migomba. Shangazi akaja mbio, mikono bado ina utelezi wa kakao, akasimama kwenye mlango ambao alikuwa hajaukanyaga tangu mazishi. Mama akainua uso. Safari hii uchungu ulikuwa umekuja na kumbukumbu zake zote.

"Wewe ulisema nilimuua."

"Nilisema," shangazi akajibu.

"Kwa nini?"

"Niliumia, na wewe ndiye uliyekuwa karibu. Maji barabarani niliyaona kwa macho yangu, wifi. Nisamehe."

Mama alijifuta machozi kwa khanga. Kisha akasogea kwenye mkeka. "Ingia ukae. Umesimama kama mgeni."

Walilia pamoja. Kaka aliporudi nilimweleza kilichotokea, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mnaona faida ya kusema ukweli?" Akaondoka na gunia la mchele.

Kesho yake mama alivuka tena migomba kumuulizia mume wake, nami nikamfuata. Hakukumbuka kilio, wala ile samahani. Alipokuwa ananawa mikono, shangazi alinivuta pembeni.

"Mwanangu, jana alinisamehe, au alikuwa ameshaanza kusahau?"

"Sijui, shangazi."

"Na wewe ndiye mwalimu."

Alifikiri kidogo, akaamua kwamba ataomba msamaha upya. Na ndivyo anavyofanya, akiona mama yuko vizuri. Kuna siku mama humjibu kwamba hayo yamepita, wachambue maharage. Kuna siku hukasirika, akajifunga khanga na kurudi nyumbani, nami hukaa na hasira zake mpaka zinapomtoka. Shangazi hubaki kwake na kumbukumbu zake zote, hakuna inayomtoka.

Wiki iliyopita kuku wa shangazi walikula mpunga wa mama uliokuwa umeanikwa. Mama alifoka asubuhi nzima. Shangazi akajiandaa, akakusanya maneno yake, akaja mchana kujibu. Mama akampokea kwa furaha na kumwekea kiti.

"Hata kugombana naye siku hizi haiwezekani," shangazi aliniambia, akaketi.