Povu Kwenye Mpira wa Gesi

Kila ninaponusa gesi ya kupikia, hata ile kidogo inayotoka mtu anapobadilisha mtungi, hujiona tena uani kwetu Ukunda, nimevaa gauni la safari, nimekumbatia mto wangu.

Baba alikuwa dereva wa watalii huko Diani. Mwajiri wake alipouza magari yake ya zamani, Baba alinunua moja, akang'oa viti vya nyuma, akatia kitanda cha mbao, kabati na jiko la gesi. Mtungi aliuweka chini ya kitanda. Likizo ya shule tungekwenda kupiga kambi ufukweni, karibu na Msambweni: Baba, Mama, mimi, na mdogo wangu Athumani, aliyekuwa na pumu.

Tangu gari lile liingie uani, Mama hakutulia. Alibonyeza magurudumu kwa kidole gumba kama anayechagua maembe sokoni. Aliuliza spea iko wapi, na kutoka kambini hadi hospitali ni mwendo gani. Dawa ya Athumani ya kuvuta aliifunga kwenye pembe ya leso aliyojitanda, kisha akafungua tena kuhakikisha ipo.

"Mama Athumani, twaenda Msambweni, hatuendi Makka," Baba alimwambia.

"Na huko Msambweni pia watu hupumua," Mama akajibu.

Kila swali lake lilinitia hofu. Hatari sikuifikiria hata kidogo. Niliogopa tu kwamba atapata sababu ya kutuzuia.

Asubuhi ya kuondoka, Mama aliingia garini kutandika, Athumani akimfuata, akasimama akinusa. Kisha akamshika Athumani mkono, akamtoa nje, akafungua milango yote.

"Mna gesi humu."

Baba alisema ni harufu ya rangi mpya. Mama hakubishana. Alikoroga sabuni ya unga bakulini, akaupaka mpira wa gesi kwa kitambaa, sote tukainama kutazama. Pale mpira ulipoungana na mtungi, povu likaanza kufura, polepole, kama kitu kinachopumua.

Baba alifunga mtungi, akautoa garini akauweka uani, akaketi kwenye mlango wa gari. Alikitazama kile kitanda ambacho Athumani angekilalia.

"Leo hatuendi," akasema kwa sauti ndogo.

Nililia hadi nikashikwa na kwikwi. Niliichukia pua ya Mama.

Fundi aliitwa. Mpira ukabadilishwa, mtungi ukajengewa sanduku nje, nyuma ya gari, na matundu ya hewa yakakatwa ubavuni. Juma lililofuata tukaondoka. Hata hivyo, Mama alitaka tupite kwanza langoni mwa hospitali, aione njia kwa macho yake. Nilibana pumzi nikingoja aseme turudi. Hakusema. Tulipofika kwenye mivinje ya ufukweni alivua viatu, akanipa dawa ya Athumani niishike, akaingia baharini na leso yake hadi maji yakamfika kiunoni, akacheka kama msichana.

Juzi tukikuna nazi, nilimwambia Mama kwamba siku zote nilidhani hakuitaka safari ile. Alinitazama kwa mshangao.

"Mwanangu, ni mimi niliyemwomba baba yako alinunue lile gari. Tangu Athumani azaliwe, sikuwa nimelala nje ya nyumba yangu isipokuwa wodini. Nilitaka sana kwenda."

Akaendelea kukuna nazi. Miaka yote ile nilikuwa nimeyasikia maswali yake kama kufuli, kumbe alikuwa akihangaika kuufungua mlango.